William Hastie: Jaji Aliyeitumikia Serikali Bila Kuiuza Haki

Askari hufundishwa kutii tangu siku ya kwanza anapovaa sare. Huambiwa kwamba amri ni amri, na kwamba jeshi lisilo na nidhamu ni kundi tu la watu wenye silaha. Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatuna nia ya kuyapinga. Lakini liko swali jingine ambalo halifundishwi katika kiwanja cha gwaride, nalo humjia kila mtumishi wa serikali mwenye kufikiri, awe askari, polisi, karani au waziri. Afanye nini mtu aliyeapa kuitumikia nchi yake anapoona kwamba ofisi anayoitumikia inatenda dhuluma? Anyamaze ili aendelee kupokea mshahara wake? Avunje nidhamu? Au iko njia ya tatu?

Katika makala hii twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa majeshi na polisi habari za mtu mmoja aliyelijibu swali hilo kwa maisha yake yote. Jina lake ni William Henry Hastie. Alikuwa wakili, akawa Jaji wa kwanza mweusi katika mahakama za serikali kuu ya Marekani, akafanya kazi katika Wizara ya Vita wakati wa Vita Kuu ya Pili, akawa Gavana wa Visiwa vya Virgin, kisha akarudi mahakamani na kukaa huko mpaka alipostaafu. Katika safari hiyo ndefu hakuwahi kushika bunduki. Hata hivyo, askari weusi wa Marekani wanaokaa leo meza moja na wenzao weupe wana deni kwake.

MTOTO WA KARANI

Hastie alizaliwa tarehe 17 Novemba 1904 katika mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa karani wa serikali na mama yake alikuwa mwalimu. Katika majimbo ya kusini siku zile, mtu mweusi alitengwa tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa: shule yake mbali, kiti chake cha treni mbali, na kaburi lake mbali. Yasemekana wazazi wa Hastie walimfundisha asipande gari la abiria lililotengwa ikiwa anaweza kutembea kwa miguu. Hayo ni mafunzo magumu kwa mtoto, lakini hayakumtoka maishani.

Mwaka 1916 jamaa hiyo ilihamia Washington, na kijana akaingia shule ya sekondari ya Dunbar, iliyokuwa shule ya weusi yenye sifa kubwa kuliko zote nchini. Alimaliza mwaka 1921 akiwa wa kwanza. Akaenda chuo cha Amherst, akamaliza mwaka 1925, na huko pia akawa wa kwanza. Baada ya kufundisha kwa muda mfupi alijiunga na chuo cha sheria cha Harvard, akapata shahada yake mwaka 1930 na shahada ya juu ya sheria mwaka 1933.

Twayataja haya si kwa kupenda kusifu vyeti. Twayataja kwa sababu Hastie alikuwa ametambua jambo moja mapema: mtu mnyonge anayetaka kushindana na mwenye nguvu katika uwanja wa sheria hana budi kuijua sheria kuliko yule anayeitumia kumdhulumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Hastie aliinama juu ya vitabu kwa miaka kumi.

WAKILI NA MWALIMU

Alipotoka Harvard aliingia katika ofisi ya uwakili ya Charles Hamilton Houston mjini Washington, na papo hapo akaanza kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Howard. Houston alikuwa na mpango mkubwa. Alitaka kuwafundisha mawakili weusi kwa ukali kama wanavyofundishwa askari wa kikosi teule, kisha kuwatuma mahakamani kuibomoa sheria ya ubaguzi, tofali baada ya tofali.

Miongoni mwa wanafunzi waliopita mikononi mwa walimu hao alikuwamo Thurgood Marshall, aliyemaliza masomo yake Howard mwaka 1933. Jina hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1960, wajumbe wa Kenya walipokwenda Lancaster House mjini London kuzungumza juu ya katiba ya nchi yao, Marshall ndiye aliyekuwa mshauri wao wa sheria, naye aliandika rasimu ya haki za raia. Mwaka 1967 akawa Mwamerika mweusi wa kwanza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Hivyo somo lililofundishwa Howard lilivuka bahari likafika hata kwetu.

Kesi za mwanzo hazikuwa za ushindi. Mwaka 1933 Hastie alimtetea kijana mweusi, Thomas Hocutt, aliyetaka kusomea utengenezaji wa dawa katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Kesi ilishindwa, kwa kuwa mkuu wa chuo cha weusi alichotoka kijana huyo alikataa kupeleka karatasi za masomo yake. Lakini wote waliokuwa mahakamani waliona jambo ambalo walikuwa hawajazoea kuliona: wakili mweusi wa miaka 28, mpole, mwenye sauti ya chini, akiwauliza wakubwa wa jimbo maswali ambayo hawakuwa na majibu yake. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

JAJI WA MIAKA 32

Mwaka huo huo wa 1933 Hastie aliingia katika utumishi wa serikali, kama mwanasheria katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Wizara hiyo ndiyo iliyosimamia makoloni madogo ya Marekani, ingawa Wamarekani wenyewe hawakupenda kuyaita makoloni. Moja lilikuwa Visiwa vya Virgin katika bahari ya Karibi.

Visiwa hivyo, ambavyo vikubwa ni St. Thomas, St. Croix na St. John, vilikuwa mali ya Denmark kwa muda mrefu. Wakazi wake wengi ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani kulima miwa. Mwaka 1848 watumwa wa St. Croix waliinuka wakadai uhuru wao, na Gavana wa Denmark, Peter von Scholten, akalazimika kuutangaza. Mwaka 1917 Marekani ilivinunua visiwa hivyo kwa dola milioni 25 za dhahabu, kwa kuhofia visije vikaangukia mikononi mwa Wajerumani wakati wa vita. Wakazi wenyewe hawakupiga kura iliyowafunga walionunua wala waliouza. Kwa miaka 14 ya kwanza waliongozwa na maofisa wa jeshi la majini.

Hastie alishiriki kuandika sheria ya mwaka 1936 iliyowapa wakazi haki ya kupiga kura kuchagua mabaraza yao, bila kujali mali wala kipato, mradi mtu ajue kusoma na kuandika Kiingereza. Kabla ya hapo kura ilikuwa ya wachache wenye mali. Mwaka uliofuata, Machi 1937, Rais Franklin Roosevelt alimteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Wilaya ya visiwa hivyo. Baadhi ya Maseneta wa kusini walipinga, lakini Seneti ikamthibitisha. Alikuwa na umri wa miaka 32, na hakuna mtu mweusi aliyekuwa amekalia kiti cha Jaji wa serikali kuu ya Marekani kabla yake.

Wengi wangelikaa hapo wakatulia. Hastie alikaa miaka miwili tu. Mwaka 1939 alijiuzulu, akarudi Howard kuwa mkuu wa chuo cha sheria. Aliona kwamba vita vya haki vinapiganwa bara, naye yuko kisiwani.

NDANI YA WIZARA YA VITA

Sasa tunafika kwenye sehemu ya habari hii ambayo twaomba msomaji wetu askari aifuate kwa makini.

Mwaka 1940, Ulaya ilipokuwa tayari inawaka moto, Marekani ilianza kuandikisha vijana jeshini. Jeshi lake lilikuwa la watu wa namna mbili. Askari weusi waliwekwa katika vikosi vyao peke yao, chini ya maofisa weupe, na wengi wao walipewa kazi za kubeba mizigo, kupika, kuchimba na kuendesha malori. Katika jeshi la kudumu la nchi kavu, ukiwaondoa makasisi, maofisa weusi mwaka ule walikuwa wawili tu, nao walikuwa baba na mwana: Benjamin Davis mkubwa na Benjamin Davis mdogo. Huyu mwana, alipokuwa katika chuo cha kijeshi cha West Point, alikaa miaka minne bila wanafunzi wenzake kusema naye isipokuwa neno la kazi. Walitaka aondoke mwenyewe. Hakuondoka, akamaliza masomo yake mwaka 1936.

Wazee wetu waliotumikia Keya hawatashangaa. Katika miaka ile ile ya vita, askari wa Afrika Mashariki walipigana Uhabeshi na Burma kwa ushujaa ambao hata adui aliukiri, lakini kamisheni ya ofisa haikuwa yao. Kilichotofautiana ni kwamba askari wa Keya alikuwa mtawaliwa wa Mfalme wa mbali, ambapo Mmarekani mweusi aliambiwa kwamba yeye ni raia huru wa nchi yake mwenyewe.

Uchaguzi wa Rais ulikuwa karibu, na Roosevelt alihitaji kura za weusi. Mwezi wa Oktoba 1940 Davis mkubwa alipandishwa kuwa Brigedia Jenerali, wa kwanza mweusi katika historia ya nchi hiyo, na Hastie akaitwa kuwa msaidizi wa kiraia wa Waziri wa Vita, Henry Stimson, katika mambo ya askari weusi. Hastie aliitambua hila ya siasa iliyokuwamo ndani ya wito huo. Aliupokea hata hivyo, kwa kuwa aliamini mlango uliofunguliwa kwa hila bado ni mlango.

Barua zilimfikia kutoka kila kambi. Askari mweusi akipigwa na polisi wa kijeshi mjini. Askari mweusi akikataliwa kupanda basi la kambi mpaka weupe wote wapande. Damu ya raia mweusi ikikataliwa, kisha ikikubaliwa lakini ikiwekwa chupa za peke yake, kana kwamba jeraha lajua rangi ya damu. Mwezi wa Machi 1941, askari kijana mweusi alikutwa amekufa porini katika eneo la kambi ya Fort Benning, Georgia, amenyongwa kwa kamba kwenye mti, mikono imefungwa, na mwilini bado amevaa sare ya nchi yake. Wakubwa wengine walidokeza kwamba huenda alijiua. Hakuna aliyeshtakiwa hata leo.

Hastie hakukimbilia magazetini. Alifuata ngazi. Septemba 1941 alimwandikia Waziri taarifa ndefu iliyoeleza hali ya askari weusi na kupendekeza hatua za kuanzia, pamoja na kujaribu vikosi vya mchanganyiko. Hoja yake kuu ilikuwa ya kijeshi hasa. Alisema haiwezekani kumfanya mtu mmoja awe na nafsi mbili: awe shujaa mbele ya adui wa ng'ambo, na awe mwoga mwenye kukubali kudharauliwa nyumbani. Ukimvunja moyo askari katika kambi yake, alisema, usitazamie kuukuta mzima katika uwanja wa vita.

Jibu lilikuja Desemba 1 kutoka kwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali George Marshall. Alisema, kwa maneno ya heshima, kwamba jeshi haliwezi kubebeshwa kazi ya kutatua tatizo la kijamii ambalo taifa zima limeshindwa kulitatua, na kwamba majaribio ya namna hiyo ni hatari kwa nidhamu na kwa moyo wa askari. Siku sita baadaye Wajapani wakashambulia Pearl Harbor.

Tusimhukumu Jenerali Marshall upesi. Alikuwa askari hodari, na mzigo wa vita ulikuwa mabegani mwake. Neno lake kwamba vita kwanza ni neno ambalo kila mkuu wa kikosi angeweza kulisema. Lakini Hastie aliona pengo lake: jeshi lilikuwa tayari linafanya jaribio la kijamii, jaribio la kuwagawa watu kwa rangi, nalo lilikuwa linagharimu kambi mbili, mabweni mawili, shule mbili na hospitali mbili wakati taifa likihitaji kila senti na kila mtu.

SHULE YA MARUBANI

Ushahidi wa Hastie ulikuwa ndani ya jeshi lenyewe. Tangu mwaka 1941 shule za kufundisha maofisa wa nchi kavu zilichukua weusi na weupe pamoja. Walilala bweni moja, walikula meza moja, walitambaa katika matope yale yale, hata katika majimbo ya kusini. Hakukutokea ghasia iliyohofiwa. Hastie aliuliza: ikiwa ofisa wa miguu aweza kufundishwa hivyo, kwa nini ofisa wa anga asiweze?

Jeshi la anga lilikuwa na jibu lake, nalo ni kiwanja cha ndege cha Tuskegee, Alabama, kilichojengwa kwa ajili ya marubani weusi peke yao. Weusi wengi walikishangilia. Hastie alikipinga, na kwa hili baadhi ya watu wake mwenyewe walimlaumu. Alisema kwamba shule moja iliyotengwa haitatosha kamwe, na kwamba kijana mweusi mwenye sifa zote atangojea nafasi miezi mingi huku viti vya shule nyingine vikiwa wazi.

Hapa haki yadai tuseme ukweli wote. Marubani wa Tuskegee waliruka. Karibu 1,000 walifuzu huko, wakapigana Afrika ya Kaskazini na Italia chini ya Davis mdogo, na sifa zao ndizo zilizoziba midomo ya waliosema mtu mweusi hana akili ya kuendesha ndege. Je, basi, Hastie alikosea? Twaona kwamba hakukosea, wala wale marubani hawakukosea. Wao walithibitisha kwamba mtu mweusi aweza; yeye alikuwa akikataa kwamba iko haja ya kuthibitisha.

Mwaka 1942 Wizara iliunda kamati ya kushauri juu ya sera za askari weusi. Hastie, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, hakuwekwa ndani yake. Alikuwa na ofisi, meza, na jina mlangoni, lakini amri zilipita pembeni. Kisha akapata habari kwamba jeshi la anga linapanga kufungua shule ya maofisa wa kazi za ardhini iliyotengwa kwa weusi, huko Jefferson Barracks, Missouri. Maana yake, hatua moja iliyokwisha kupigwa mbele ilikuwa inarudishwa nyuma.

Januari 1943, katikati ya vita, Hastie alimwandikia Waziri barua ya kujiuzulu. Hakutukana mtu. Hakutoa siri ya vita. Hakumwita askari yeyote aasi wala aache lindo lake. Alieleza sababu zake kwa utaratibu, akaondoka mwishoni mwa mwezi, kisha kama raia huru akaandika hadharani juu ya jeshi la anga na ubaguzi wake.

Kilichofuata kinastahili kuangaliwa. Jeshi la anga, lililokuwa halisikii alipokuwa ndani, lilianza kusikia alipokuwa nje. Mpango wa shule ile uliachwa, na nafasi za mafunzo ya kazi za ufundi kwa weusi zikapanuliwa. Kazi yake Wizarani ilichukuliwa na msaidizi wake, Truman Gibson, aliyebaki ndani na kuendelea kusukuma kwa njia yake. Wapo wanaosema Gibson alifanya vema kubaki. Wapo wanaosema Hastie alifanya vema kuondoka. Sisi twaona kwamba mmoja aliufungua mlango kwa kuubamiza alipotoka, na mwingine aliuzuia usifungwe tena.

BIBI WA BASI NA POLISI WA SALUDA

Hastie akarudi mahakamani. Mwaka 1944 yeye na Thurgood Marshall walishinda kesi ya daktari wa meno wa Texas, Lonnie Smith, na hukumu hiyo ikavunja desturi ya kuwazuia weusi wasipige kura katika uchaguzi wa awali wa chama. Kisha ikaja kesi ambayo twadhani yawahusu sana wasomaji wetu wa polisi.

Julai 1944 mwanamke mweusi, Irene Morgan, alipanda basi Virginia akienda Baltimore, jimbo jingine. Dereva akamwamuru ampishe kiti abiria mweupe. Akakataa. Katika mji wa Saluda askari alipanda na hati ya kumkamata. Bibi akaichana akaitupa dirishani, na alipokamatwa kwa nguvu akapigana. Mahakamani alikiri kosa moja, la kumpinga askari, akalipa faini ya dola 100. Kosa la pili, la kukataa kuhama kiti, faini yake ilikuwa dola 10 tu, nayo alikataa katakata kuilipa.

Tazameni hekima hiyo. Alilipa dola 100 kwa lile alilokosa, akakataa dola 10 kwa lile asilokosa. Hastie na Marshall wakazipeleka dola hizo kumi mpaka mbele ya Mahakama Kuu Kabisa, na Juni 1946, kwa majaji sita dhidi ya mmoja, sheria ya Virginia ya kuwatenga abiria wanaosafiri toka jimbo hata jimbo ikatenguliwa. Yule askari wa Saluda alikuwa ametumia sheria iliyokuwamo kitabuni, naye hakuwa mwandishi wake. Lakini sheria ile ilikuwa batili, na kazi ya kuipima ilikuwa ya mahakama. Ndiyo maana nchi inayowapa polisi wake amri za kutekeleza haina budi pia kuwapa raia wake mahali pa kuzihoji.

GAVANA WA VISIWA

Mwaka 1946 Rais Harry Truman alimteua Hastie kuwa Gavana wa Visiwa vya Virgin. Baadhi ya Maseneta wa kusini walimpinga tena. Mwezi wa Mei aliapishwa, akawa mtu mweusi wa kwanza kushika ugavana huo, akirudi katika visiwa alikokuwa Jaji na chini ya sheria ambayo mwenyewe alisaidia kuiandika.

Kazi haikuwa nyepesi. Visiwa havina mito. Watu hukinga maji ya mvua juu ya mapaa na kuyaweka katika visima vya saruji. Uchumi ulitegemea miwa na pombe ya ramu, na shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1934 ndilo lililoajiri watu wengi wa St. Croix. Mabaraza mawili ya kuchaguliwa, moja la St. Thomas na St. John na jingine la St. Croix, hayakuwa tayari kuitikia kila neno la Gavana. Nayo yalikuwa na haki. Gavana, hata awe mweusi na mpenda haki, alikuwa ametumwa kutoka Washington, na wale aliowatawala hawakumchagua.

Huo ndio uliokuwa mtihani wake mwingine. Mtu aliyepigania kura ya weusi wa Texas alikuwa sasa anawatawala watu wasio na kura ya kumwondoa. Wakazi walipewa haki ya kumchagua Gavana wao kwa sheria ya mwaka 1968, wakaitumia mara ya kwanza mwaka 1970. Hata leo hawapigi kura kumchagua Rais wa Marekani.

AMRI YA RAIS

Wakati Hastie akiwa visiwani, lile jambo aliloliandikia taarifa mwaka 1941 lilikuwa likipata mwisho wake kwa njia ya uchungu. Februari 1946 Sajini Isaac Woodard, askari mweusi aliyerudi vitani, alikuwa safarini kwenda kwao, saa chache tu baada ya kupewa barua yake ya kuachiwa jeshi. Sare ilikuwa bado mwilini. Baada ya kugombana na dereva wa basi alikamatwa katika mji mdogo wa Batesburg, South Carolina, na mkuu wa polisi wa mji akampiga kwa rungu machoni mpaka akapofuka macho yote mawili. Mkuu yule alishtakiwa mwaka huo huo, na baraza la wazee wa mahakama likamwachilia. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Habari hizo zilipomfikia Rais Truman, ambaye mwenyewe alikuwa ofisa wa mizinga katika Vita ya Kwanza, zilimchoma. Tarehe 26 Julai 1948 alitoa Amri ya Rais namba 9981, iliyotaka usawa wa kutendewa na wa nafasi kwa watu wote katika majeshi bila kujali rangi, dini wala asili. Katika uchaguzi wa mwaka ule Gavana Hastie alisafiri bara kumpigia Truman kampeni. Vikosi vya mwisho vya weusi peke yao viliondolewa mwaka 1954, baada ya vita vya Korea kuonyesha kwamba katika handaki moja weusi na weupe hupigana vizuri, na nidhamu haianguki. Lile jaribio lililodhaniwa hatari miaka saba kabla ya amri likawa sheria ya jeshi.

KITI CHA MWISHO

Oktoba 1949 Truman alimteua Hastie kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani ya Mkoa wa Tatu, yenye makao yake Philadelphia. Hakuna Mmarekani mweusi aliyekuwa amefika ngazi hiyo. Maseneta wengine walimtuhumu kwamba alikuwa na uhusiano na vyama vya mrengo wa kushoto, na uthibitisho wake ulichelewa mpaka Julai 1950. Mwaka 1962 jina lake lilifikiriwa kwa Mahakama Kuu Kabisa, lakini Rais Kennedy akamchagua mwingine. Mwaka 1968 akawa Jaji Mkuu wa mkoa wake, akashika cheo hicho mpaka 1971. Alifariki tarehe 14 Aprili 1976, akiwa na umri wa miaka 71.

Turudi basi kwenye swali tulilolianza. Hastie ametufundisha kwamba kati ya kunyamaza na kuasi iko njia, ingawa ni nyembamba. Kwanza, jua sheria na ijue kazi yako kuliko anayekupinga. Pili, sema ukweli kwa mkubwa wako, kwa maandishi, kwa adabu, na kwa ushahidi. Tatu, ukiona kwamba jina lako linatumiwa kuipamba dhuluma, rudisha kofia yao na uondoke umesimama wima. Nne, ukiisha kuondoka, usikae nyumbani ukinung'unika. Rudi uwanjani kwa mlango mwingine ulio halali.

Wengi wetu hatutakuwa majaji wala magavana. Lakini kila ofisa atakuja kuwa na askari mdogo atakayesimama mbele ya meza yake, kofia mkononi, akileta malalamiko ya kweli. Siku hiyo ofisa akumbuke taarifa ya Septemba 1941 na jibu lililotolewa. Laiti taarifa ile ingalisikilizwa wakati wake, huenda Sajini Woodard angalifika nyumbani akiwa na macho yake.